Majina ya ukoo katika kumbukumbu za kodi na sensa za Eire

Kufuatilia majina ya ukoo katika kumbukumbu za kodi na sensa za Eire ni njia ya kuchunguza nasaba kwa kusoma madaftari ya zamani ambayo serikali iliyaandika ili kukusanya kodi au kuhesabu watu. Njia hiyo hutumika kwa kisiwa chote, yaani Jamhuri ya Eire pamoja na Eire ya Kaskazini, ambayo ni sehemu ya Ufalme wa Muungano. Wanaoitumia zaidi ni Waeire wenyewe na wazao wa wahamiaji waliokwenda Marekani, Kanada, Australia na Uingereza.

Katika nchi jirani ya Uingereza mtafiti wa nasaba huanza na sensa za karne ya 19. Katika Eire karibu sensa zote za karne hiyo zimepotea, kwa hiyo madaftari ya kodi yamechukua nafasi yake. Lakini madaftari hayo hayakuandikwa ili kuhifadhi habari za familia. Yaliandikwa ili kujua nani alipe na alipe kiasi gani. Asiyekuwa na kitu cha kutozwa kodi mara nyingi hakuandikwa kabisa. Hivyo kabla ya kutafuta jina katika daftari lolote ni lazima kujua daftari hilo liliuliza nini, na lilimwacha nani nje.

Asili na maumbo ya majina

Majina ya ukoo ya Eire ni kati ya yale ya kale zaidi katika Ulaya. Mengi yalianza kutumika katika karne ya 10 na ya 11. Majina ya Kieire hutanguliwa na neno Mac, maana yake "mwana wa", karibu sawa na "bin" katika majina ya Kiislamu ya pwani, au neno Ó, maana yake "mjukuu wa" au "mzao wa". Mwanamke asiyeolewa hutumia Nic mahali pa Mac, na Ní mahali pa Ó, jinsi "binti" inavyochukua nafasi ya "bin". Mc ni kifupi tu cha Mac. Si kweli kwamba umbo moja ni la Waeire na lingine ni la Waskoti.

Majina mengine yaliletwa na wageni. Wanormani walioingia kuanzia karne ya 12 walileta majina kama Burke na Fitzgerald. Walowezi kutoka Skotland na Uingereza walileta mengine mengi katika karne ya 17, hasa katika jimbo la Ulster lililo kaskazini.

Wakati wa utawala wa Waingereza makarani waliandika majina ya Kieire kwa tahajia ya Kiingereza, na wengi wao hawakuijua lugha ya wenyeji. Matokeo yake jina moja liliweza kugeuka kwa njia tatu:

- Kuandikwa jinsi lilivyosikika: Ó Súilleabháin likawa O'Sullivan.
- Kupoteza kitangulizi: O'Sullivan likawa Sullivan, na O'Reilly likawa Reilly au Riley.
- Kutafsiriwa: Mac Gabhann, maana yake "mwana wa mhunzi", liliandikwa McGowan mahali pengine, na penginepo, hasa katika kaunti ya Cavan, likawa Smith. Breathnach, maana yake "mtu wa Wales", likawa Walsh.

Baadhi ya tafsiri hizo zilikuwa za makosa. Mac Conraoi liliandikwa King, yaani "mfalme", kwa sababu sehemu ya mwisho ya jina ilisikika kama neno la Kieire lenye maana hiyo.

Kuelekea mwisho wa karne ya 19 kulitokea mwamko wa utamaduni na lugha ya Kieire, na chama cha Conradh na Gaeilge kiliundwa mwaka 1893. Watu wengi walirudisha Ó na Mac katika majina yao. Hivyo si ajabu kukuta familia ileile ikiitwa Sullivan katika sensa ya 1901 na O'Sullivan katika sensa ya 1911.

Sensa zilizopotea

Sensa ya kwanza iliyokamilika ilifanyika mwaka 1821, na baada yake sensa ilifanyika kila miaka 10 hadi 1911. Majumla yalichapishwa na bado yapo: kwa mfano watu 8,175,124 walihesabiwa mwaka 1841, na 6,552,385 mwaka 1851. Kilichopotea ni karatasi zenye majina ya watu:

- Sensa za 1821, 1831, 1841 na 1851 zilihifadhiwa katika Ofisi ya Kumbukumbu za Umma, ndani ya majengo ya mahakama ya Four Courts mjini Dublin. Mwanzoni mwa Vita vya wenyewe kwa wenyewe majengo hayo yalikuwa mikononi mwa wapiganaji waliopinga mkataba na Uingereza. Jeshi la serikali mpya lilianza kuyapiga kwa mizinga tarehe 28 Juni 1922. Tarehe 30 Juni mlipuko mkubwa na moto viliteketeza hazina ya nyaraka. Vilibaki vipande vichache tu, kama vile sehemu za sensa ya 1821 kwa kaunti za Cavan, Galway na Meath.
- Sensa za 1861 na 1871 ziliharibiwa kwa amri ya serikali, muda si mrefu baada ya hesabu zake kukamilika.
- Sensa za 1881 na 1891 zilipondwapondwa ili kutengeneza karatasi upya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Watu wengi huamini kwamba sensa zote ziliungua mwaka 1922. Orodha hii inaonyesha kwamba nne kati yake ziliangamizwa na serikali yenyewe kabla ya moto huo. Mwaka 1921 sensa haikufanyika kwa sababu ya Vita vya Uhuru.

Kumbukumbu za kodi

Karne ya 17

Kodi ya meko iliwekwa kwa sheria ya mwaka 1662. Kila meko ndani ya nyumba yalitozwa shilingi 2 kwa mwaka, na mkuu wa kaya aliandikwa jina. Madaftari ya awali yaliungua mwaka 1922, lakini wanahistoria walikuwa wamenakili sehemu yake kabla ya hapo, hasa kwa kaunti za kaskazini.

Hati inayojulikana kama "Sensa ya 1659", iliyochapishwa na Séamus Pender mwaka 1939, haikuwa sensa kamili bali ilitokana na kodi ya kichwa. Inataja kwa majina watu wenye hadhi tu. Kwa wenyeji wa kawaida inaorodhesha majina ya ukoo yaliyo mengi katika kila tarafa pamoja na idadi yake. Haimtambulishi mtu mmojammoja, lakini inaonyesha ukoo fulani ulikuwa umejaa eneo gani.

Vitabu vya fungu la kumi

Vitabu hivi viliandikwa kati ya 1823 na 1838. Wakulima walitakiwa kulipa fungu la kumi kwa Kanisa la Eire, ambalo ni la Kianglikana na wakati ule lilikuwa kanisa rasmi la nchi. Wengi wa walipaji walikuwa Wakatoliki, na baadhi walikuwa Wapresbiteri, yaani walitegemeza mapadri wa kanisa lisilokuwa lao. Sheria ya 1823 iliagiza malipo yafanyike kwa fedha, kwa hiyo kila parokia ilipimwa na kuandikiwa kitabu. Kila mstari una jina la mwenye kutumia shamba, kitongoji chake, ukubwa na ubora wa ardhi, na kiasi cha kulipa.

Malalamiko yaligeuka mapambano katika miaka ya 1830, na watu waliuawa wakati polisi na askari walipokwenda kudai malipo. Kutokana na mgogoro huo imebaki orodha ya mwaka 1831 yenye majina karibu 30,000 ya wale waliokataa au kushindwa kulipa, hasa kutoka kaunti za kusini-mashariki. Mwaka 1838 sheria ilipunguza kiasi hicho na kuhamishia malipo kwa wenye ardhi, ambao waliweza kukirudishia ndani ya kodi ya pango.

Vitabu hivi haviwataji wakazi wa mijini, vibarua wasio na ardhi, wala wake na watoto. Mara nyingine shamba lililolimwa kwa pamoja limeandikwa kwa jina la mtu mmoja "na wenzake", na wenzake hao hawatajwi. Tena, ekari za vitabu hivi mara nyingi ni ekari za Kieire. Ekari moja kama hiyo ni takriban ekari 1.62 za kawaida. Ukubwa wa shamba ukionekana kubadilika kati ya kumbukumbu mbili, huenda kilichobadilika ni kipimo tu.

Uthamini wa Griffith

Uthamini huu umeitwa kwa jina la Richard Griffith (1784–1878), mtaalamu wa jiolojia kutoka Dublin aliyeusimamia. Ulichapishwa kwa sehemu kati ya 1847 na 1864. Lengo lake lilikuwa kupata msingi wa haki wa kutoza kodi ya ardhi na majengo, ambayo kwa sehemu kubwa iligharimia misaada kwa maskini.

Una majina ya watu takriban milioni moja. Kwa kila mahali unataja mkaaji, mtu aliyempangisha, aina ya mali (kwa mfano nyumba, banda na ardhi), ukubwa wa ardhi, na thamani yake kwa mwaka. Namba ya kila shamba inalingana na ramani, hivyo inawezekana leo kusimama mahali penyewe familia ilipolima.

Pale watu wawili wa kitongoji kimoja walipokuwa na jina moja, karani aliongeza jina la baba, kazi, au jina la utani linalotaja rangi ya nywele. Nyongeza hiyo ndogo ni ya thamani kubwa, kwa sababu mara nyingi ndiyo maandishi pekee yanayounganisha baba na mwana kwa miaka hiyo.

Vitabu vya masahihisho

Baada ya Griffith maofisa waliendelea kusahihisha orodha kila shamba lilipopata mkaaji mpya. Jina la zamani lilikatwa na jipya kuandikwa juu yake kwa wino wa rangi nyingine, pamoja na mwaka. Jina la mume likikatwa na la mjane kuingia, huenda mume alifariki karibu na wakati huo, ingawa masahihisho mara nyingi yalichelewa. Kwa njia hiyo shamba moja linaweza kufuatiliwa kuanzia miaka ya 1850 hadi karne ya 20.

Njaa Kuu na majina yaliyotoweka

Kati ya vitabu vya fungu la kumi na uthamini wa Griffith ilitokea Njaa Kuu (1845–1852), ugonjwa wa viazi ulipoharibu chakula cha maskini. Takriban watu milioni moja walifariki na wengine wasiopungua milioni moja walihama. Mtafiti anayelinganisha kumbukumbu hizo mbili hukuta vitongoji ambavyo majina yake mengi yameondoka.

Ni rahisi kudhani kwamba kila jina lililotoweka ni la mtu aliyekufa au aliyepanda meli. Lakini sheria za wakati ule zilichangia pia. Kuanzia Juni 1847 mtu mwenye zaidi ya robo ekari ya ardhi hakuruhusiwa kupewa msaada wa umma. Maelfu ya wakulima walilazimika kuachia mashamba yao ili wapate chakula. Aidha, kwa mashamba yenye thamani ya pauni 4 au chini yake, kodi ya kusaidia maskini ilimwangukia mwenye ardhi badala ya mpangaji; wenye ardhi wengi waliwafukuza wapangaji wadogo ili kuepuka mzigo huo. Familia iliyoachia shamba au kufukuzwa iliweza kuendelea kuishi kilomita chache tu kutoka hapo, katika nyumba ya kazi ya maskini au chini ya paa la ndugu, bila kuandikwa popote na karani wa kodi.

Hivyo kutokuwepo kwa jina katika uthamini wa Griffith si ushahidi wa kifo wala wa kuhama. Ni ushahidi wa jambo moja tu: wakati karani alipopita, mtu huyo hakuwa na ardhi wala nyumba ya kutozwa kodi kwa jina lake.

Sensa za 1901 na 1911

Sensa za tarehe 31 Machi 1901 na 2 Aprili 1911 zimehifadhiwa kwa kisiwa chote. Fomu ya kaya inataja kila aliyelala nyumbani usiku huo, uhusiano wake na mkuu wa kaya, dini, kujua kusoma na kuandika, umri, kazi, hali ya ndoa, kaunti alikozaliwa, na kama alizungumza Kieire. Mwaka 1911 wanawake walioolewa waliulizwa pia wameolewa kwa miaka mingapi, wamezaa watoto wangapi, na wangapi bado hai. Fomu nyingine inaeleza nyumba yenyewe: kuta, paa, idadi ya vyumba na madirisha ya mbele. Kinyume na madaftari ya kodi, hapa wamo wake, watoto, watumishi na wapangaji wa chumba.

Umri uliotajwa unahitaji tahadhari. Watu wengi walizeeka kwa zaidi ya miaka 10 kati ya sensa hizo mbili. Sababu moja ni kwamba kuanzia Januari 1909 pensheni ya hadi shilingi 5 kwa wiki ilitolewa kwa maskini waliofikia umri wa miaka 70. Uandikishaji wa vizazi vyote ulianza mwaka 1864 tu, kwa hiyo mzee hakuwa na cheti cha kuonyesha. Wengi hawakujua umri wao kamili, na wengine walikuwa na sababu ya kuuongeza.

Ili kuhakikisha umri, maofisa walitafuta jina la mwombaji, akiwa mtoto, katika sensa za 1841 na 1851, ambazo wakati huo zilikuwa bado zipo Dublin. Sensa zenyewe ziliungua, lakini fomu za utafutaji huo zimebaki. Katika fomu hizo mna majina ya wazazi na kitongoji cha utotoni cha watu ambao hawakuwahi kumiliki kitu. Kwa familia nyingi maskini, ombi hilo la shilingi 5 ndilo lililookoa kumbukumbu yao.

Namna ya kufuatilia

Kanuni ya kwanza ni kuanzia kwa watu wanaojulikana na kurudi nyuma hatua kwa hatua. Kanuni ya pili ni kwamba jina bila mahali halithibitishi kitu. Murphy, Kelly na Sullivan ni kati ya majina yaliyo mengi kuliko yote kisiwani, na majina ya kwanza yaliyotumika yalikuwa machache. Kaunti moja iliweza kuwa na akina John Murphy kwa makumi.

Mahali panapotafutwa ni kitongoji, yaani eneo dogo la ardhi lenye jina na mipaka yake. Viko zaidi ya 60,000 katika kaunti 32. Vitongoji hukusanywa katika parokia za kiraia, nazo katika tarafa na kaunti. Parokia za kiraia hazilingani na parokia za Kanisa Katoliki, hata pale majina yanapofanana.

Utaratibu wa kawaida ni huu:

1. Kuwauliza wazee wa familia na kusoma barua, vyeti na mawe ya makaburi ili kupata jina la mahali.
2. Kutafuta familia katika sensa za 1911 na 1901, na kuandika majina ya wote wa kaya pamoja na majirani.
3. Kupata vyeti vya kuzaliwa, ndoa na kifo kuanzia 1864 (ndoa zisizo za Kikatoliki kuanzia 1845). Cheti cha ndoa hutaja baba wa kila upande.
4. Kufuata shamba katika vitabu vya masahihisho hadi uthamini wa Griffith.
5. Kulinganisha na vitabu vya fungu la kumi kwa kitongoji kilekile.
6. Kuthibitisha uhusiano kwa vitabu vya ubatizo na ndoa vya kanisa, kwa kuwa daftari la kodi pekee halisemi nani ni mtoto wa nani.

Kwa mfano, tuseme Patrick Sullivan yuko katika sensa ya 1901 akiwa na miaka 50, na Griffith anamtaja Daniel Sullivan katika kitongoji kilekile. Kishawishi ni kuandika kwamba Daniel ni baba yake. Lakini anaweza kuwa baba, ami, kaka mkubwa, au mtu asiye na undugu naye. Cheti cha ndoa cha Patrick au kitabu cha ubatizo ndicho kitakachoamua. Wakati wa kutafuta inafaa pia kujaribu tahajia zote: O'Sullivan, Sullivan, Sulivan na umbo la Kieire.

Jina la ukoo hufuata upande wa baba, na hivyo huficha nusu ya wazee wa mtu. Mfano unaojulikana ni Barack Obama, rais wa zamani wa Marekani. Jina lake ni la Wajaluo wa Kenya, lakini kwa upande wa mama mmoja wa wazee wake alikuwa Falmouth Kearney, kijana kutoka Moneygall katika kaunti ya Offaly aliyehamia Marekani mwaka 1850. Obama alitembelea kijiji hicho mwezi Mei 2011.

Mahali pa kumbukumbu

Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa mjini Dublin imeweka sensa za 1901 na 1911 na vitabu vya fungu la kumi kwenye intaneti bila malipo. Uthamini wa Griffith pia unasomwa bure, na Maktaba ya Taifa ya Eire iliweka picha za vitabu vya parokia za Kikatoliki mwaka 2015. Kumbukumbu za kaunti sita za Eire ya Kaskazini ziko katika ofisi ya kumbukumbu za umma mjini Belfast. Mwaka 2022, miaka 100 baada ya moto wa Four Courts, mradi ulioongozwa na Chuo cha Trinity, Dublin, ulifungua hazina ya kidijitali inayokusanya nakala za nyaraka zilizoteketea kutoka maktaba za nchi mbalimbali.

Katika Jamhuri ya Eire karatasi za sensa hufungwa kwa miaka 100. Sensa ya kwanza baada ya uhuru ilifanyika tarehe 18 Aprili 1926, kwa hiyo muda wake wa kufungwa unakoma Aprili 2026.